Inchi Tatu na Nusu

Jumatatu asubuhi Fundi Jicho alikuwa ameinua kikombe cha chai, hajakifikisha mdomoni, mkewe aliposema maneno yaliyomkausha mate wiki nzima.

"Jumamosi saa nane mchana usiende popote. Tukae. Nina neno nawe."

Basi, hakuongeza. Akabeba mkoba wake wa madaftari, akachomeka kalamu nyekundu kwenye nywele kama kawaida yake, akatoka kwenda shule. Mlango ukafungwa. Kikombe kikabaki hewani.

Siku tano! Neno gani hilo la kuandaliwa siku tano? Jambo jema mtu hulisema palepale, tena mdomo umejaa mkate. Jambo linalowekewa siku na saa ni kesi, au ni mtihani. Na mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, miaka ishirini na minne mbele ya ubao. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mumewe naye alimwita hivyohivyo, mpaka chumbani. Mwalimu akisema saa nane ni saa nane. Akisema nina neno, ujue neno lipo na limeshapigiwa mstari.

Fundi alirudisha kikombe mezani kwa mikono miwili, kwa kuwa mmoja haukutosha.

"Anaondoka," akajiambia. "Mwalimu ananiacha."

Hofu hiyo haikuzaliwa Jumatatu. Ilikuwa imemkaa tumboni miezi kadhaa. Tangu mwezi wa tatu Mwalimu alikuwa amebadilika. Wenzake wamevaa masweta, yeye analalamika joto na kufungua madirisha yote. Kisha akahamia chumba cha binti yao aliyeolewa mji mwingine, akisema kitanda chao kinawaka moto. Alikula vizuri, tena akiongeza, lakini alizidi kupungua. Kitu kidogo kikimkera alifoka, kisha akalia, kisha akasugua jikoni nzima. Na macho! Macho yake yalikuwa yamekuwa makubwa, yanang'aa, kama ya mtu aliyeshtuliwa na hajaambiwa bado kwamba ulikuwa utani. Kila alipomtazama mumewe kwa macho yale, Fundi alijihisi ameiba kitu.

Je, alimuuliza, "Mke wangu, una nini?" Hakumuuliza. Fundi Jicho hakuwa mtu wa kuuliza, alikuwa mtu wa kurekebisha.

Jina la Jicho alipewa na wateja. Mtu akiingia dukani, kabla hajamaliza salamu, Fundi ameshajua kifua chake, kiuno chake na urefu wa mkono wake, na hakosei zaidi ya robo inchi. Hata hivyo alipima kwa futi, akaandika kila kipimo kwenye daftari lenye jalada gumu, tarehe pembeni. Ukurasa wa mwisho wa daftari hilo ulikuwa wa mtu mmoja tu. Hakuandika jina juu yake. Hakukuwa na haja.

Hajawahi kumwambia mkewe kwamba anampenda, si kwa mdomo. Lakini tangu waoane Mwalimu hajawahi kuvuka kizingiti na nguo isiyomkaa. Mwalimu mwenyewe, ambaye sindano hakujua inashikwa upande gani, aliamini kwamba nguo za mumewe hukaa tu, kama jua linavyochomoza tu, na hakuwaza zaidi.

Basi tangu mwezi wa tatu, Jumapili mchana, Mwalimu akisahihisha madaftari sebuleni, Fundi alikusanya magauni kwa kisingizio cha kupiga pasi. Akayabana robo inchi huku, robo inchi kule, akayarudisha kabatini yakiwa bado ya moto. Asubuhi Mwalimu anavaa, gauni linamkaa, Fundi anapumua. Kwa akili yake, tatizo alikuwa ameshalishughulikia.

Sasa wiki hii mikono yake ilikataa kazi. Jumanne kabla ya saa nne alikuwa ameshona mfuko wa suruali ya mtu ukafungwa juu.

"Fundi," Kinyozi alisema, akiuinua ule mfuko kwa kidole. "Huyu mteja ataweka nini humu? Siri?"

Kinyozi alikuwa jirani wa kushoto. Kulia kulikuwa na saluni ya Msusi. Vyumba vyote vitatu vilitenganishwa kwa mbao nyembamba, kiasi kwamba ukipiga chafya kwa Kinyozi, saluni wanakuombea afya. Nje, kwenye benchi, alikaa kila siku Mzee Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye hakunyolewa wala hakushonewa, ila alikuwapo.

Fundi akawaeleza. Na hapo ndipo ungeona wanaume wanavyotoa ushauri! Walikaa watatu kwenye benchi, mabega yamegusana, wote wanatazama barabara. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni hata mara moja.

"Kwa kifupi," Kinyozi alisema. "Tatizo ni nini?"

"Amesema tukae Jumamosi."

"Jingine?"

"Analalamika joto."

"Mpe feni. Limekwisha hilo. Jingine?"

"Amehama chumba."

"Si ndiyo joto lenyewe? Feni. Jingine?"

Fundi akafikiri. Jingine hakuliona. Ndevu za mtu mmoja huchukua muda mrefu kuliko huo.

"Feni!" Mzee Breki akaguna. "Mwanamke akikwambia tukae, hilo gari limeshakata breki, na wewe unaenda kulipaka rangi. Sikiliza, mdogo wangu. Kinachotakiwa ni kunyamaza. Akisema, mwambie sawa. Akisema tena, sawa. Kuna jamaa mmoja, dereva mwenzangu, naye aliambiwa tukae. Hakujibu hata neno. Kikao kizima dakika tano."

"Ikawaje?"

"Mke akaondoka. Lakini hawakugombana."

Kinyozi alianza kufuta mashine yake ya kunyolea, ambayo ilikuwa safi. Yeye na Fundi walijua kwamba Mzee Breki hula chakula chake cha mchana peke yake, hapo hapo kwenye benchi, kila siku ya Mungu. Na walijua kwamba huyo jamaa hakuwa dereva mwenzake.

"Alisema anakwenda wapi?" Fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Mke wa huyo jamaa."

"Kwa dada yake. Alisema wiki mbili. Mwaka wa tisa huu."

Mwalimu naye alikuwa na dada.

Jioni ile ile alifungua skrubu za feni ya dukani, akaifunga nyuma ya baiskeli, akaipeleka nyumbani. Mwalimu alikuwa chumba cha binti, amekaa kitandani, madirisha wazi, mkono mmoja kifuani kama anayezuia kitu kisitoke. Fundi akaweka feni sakafuni, akaichomeka kwenye umeme. Ikaanza kuzunguka. Akasubiri jambo limalizike.

"Nani kakuomba feni?"

"Nimeona... joto..."

"Fundi." Macho yale makubwa yakamkazia. "Hivi unajua mimi nina nini?"

Akatafuta neno, akakuta moja tu, la Mzee Breki.

"Sawa," akasema.

Mwalimu alimtazama, akaitazama feni, akamtazama tena. Kisha akainuka, akamsukuma yeye na feni yake mpaka nje, taratibu, akafunga mlango. Fundi akabaki ukumbini, waya umepita chini ya mlango, upepo unampuliza magotini. Na kutoka ndani akasikia sauti ya zipu.

Zipu zote za nyumba ile alizijua, nyingi alizitia mwenyewe. Ile haikuwa ya gauni, wala ya mto, wala ya mkoba wa shule. Ilikuwa ndefu, nzito, ya chuma, yenye meno mawili mabovu karibu na kona. Ilikuwa zipu ya begi kubwa la safari.

Jumatano hakula. Alhamisi alichukua aproni ya Msusi, iliyokuwa imengoja kamba tangu mwezi wa sita, akaishona kwa dakika mbili, akaingia nayo saluni kama mtu aliyekuja kikazi.

"Shemeji," Msusi alisema bila kugeuka, vidole vikiwa ndani ya nywele za mteja. "Kaa hapo. Tangu Jumanne tunakusubiri."

"Mmesikia?"

"Mbao hizo, shemeji. Tumesikia mpaka ulivyomeza mate."

Walikuwa watatu. Msusi mwenyewe, Mama Nyanya, aliyeuza nyanya mlangoni na kuziacha zijilinde kila mazungumzo yakinoga, na mteja mmoja mgeni kabisa, nusu ya kichwa kimeshasukwa, nusu nyingine nywele zimesimama kama zimepata habari mbaya. Hakuna aliyejua jina lake wala ametoka wapi. Lakini hakuweza kuondoka na kichwa namna ile, basi alihesabiwa kuwa mwanakamati.

Wakavuta viti. Mama Nyanya akamshika mkono. Wakamtazama usoni, wote watatu, kwa karibu, mpaka Fundi hakujua aweke wapi macho yake.

"Aliposema, alikuwa amekaa au amesimama?" Msusi akaanza.

"Amesimama."

"Oo," akasema Mama Nyanya.

"Ameshavaa viatu au bado?"

"Alivaa baadaye."

"Ooo," wakasema wote, na hiyo oo ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza.

"Alisema tukae au tuzungumze?"

"Tukae."

"Tukae ni afadhali," Msusi akasema.

"Afadhali wapi?" mwenye nusu kichwa akadakia. "Wangu aliniambia tukae, nikajikuta nimemlea mama yake miaka minne!"

Wakahama kwa Fundi, wakaenda kwa mama mkwe yule, wakamlilia kidogo, wakamteta kidogo, wakarudi. Chai ilikuwa ya rangi au ya maziwa? Mlango aliufunga au aliubamiza? Jina la Fundi alilitaja? Saa nzima ikapita. Wanaume walimtibu kwa dakika tatu. Hapa ilikuwa bado wanatafuta panapouma, na kila walipobonyeza paliuma.

"Kwa hiyo nifanye nini?" akauliza.

"Usituharakishe, baba," Mama Nyanya akasema. "Turudi kwenye viatu."

Mwenye nusu kichwa ndiye aliyeinamisha ile nusu iliyosukwa, akamwangalia kwa makini. "Kaka, wewe mwenyewe umemuuliza?"

"Nini?"

"Ana nini."

"Hapana."

"Mara ya mwisho kumuuliza kitu chochote ni lini?"

"Juzi," Fundi akasema haraka. "Nilimuuliza chumvi iko wapi."

Msusi akafumba macho. Alipoyafumbua alisema polepole, "Mimi nilimwona juzi njiani. Uso umekwisha, mifupa mitupu. Lakini gauni limemkaa sawasawa, nikasema labda ni macho yangu."

"Si macho yako." Fundi akakaa wima. Hatimaye lilikuja jambo analolijua! "Amepungua kweli. Inchi tatu na nusu kiunoni tangu mwezi wa tatu. Nyonga tatu kamili. Mkono wa juu moja na robo."

Chanuo likasimama. "Umejuaje?"

"Si nabana mwenyewe? Kila Jumapili."

"Na yeye anajua?"

"Ajue nini? Zinamkaa."

Tangu saluni ile ifunguliwe haikuwahi kunyamaza. Sasa ilinyamaza. Msusi akazima draya iliyokuwa ikivuma bure pembeni. Ng'ambo ya mbao zote mbili, mashine ya Kinyozi nayo ikazimika.

Mama Nyanya akamwachia mkono.

"Baba," akasema, "mimi nikipungua, nani wa kwanza kuniambia? Si nguo? Zingemwambia. Wewe umezifunga mdomo zote."

Siku zote hizi Fundi aliogopa Mwalimu atatoka kwa mlango, na begi mkononi. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna namna nyingine ya mtu kuondoka.

"Nenda kamwambie leo," Msusi akasema, na sasa wakasema wote kwa pamoja. "Mwambie tangu mwanzo." "Mtazame usoni." "Akilia usimkatize." "Na usimpelekee feni!"

Aliahidi. Alitoka amedhamiria kabisa. Akapita mbele ya Kinyozi, na Kinyozi akamvuta ndani kwa ukosi wa shati.

"Usithubutu! Ukimwambia umemficha miezi yote hiyo, Jumamosi hutoboi. Wewe ni fundi au si fundi? Fumua. Rudisha gauni lilivyokuwa. Atavaa, ataona mwenyewe amepungua, ataenda hospitali. Yeye amejua, wewe hujasema. Limekwisha."

"Sawa kabisa," akasema Mzee Breki kutoka benchi.

Jinsi wazo hilo lilivyosikika safi! Lilihitaji mikono, halikuhitaji mdomo. Fundi alijua hapo hapo atafuata lipi, na aliona aibu kwa jinsi alivyofarijika.

Ijumaa Mwalimu akiwa shuleni, alifunga duka, akarudi nyumbani kama mwizi. Akatoa kabatini gauni la kijani lenye ukosi mweupe, ambalo Mwalimu hulivaa siku za mambo mazito: vikao vya wazazi, ukaguzi, misiba. Jumamosi angelivaa hilo, kwa vyovyote. Akaligeuza ndani nje. Mishono yake ilikuwa imepangana pale kiunoni, mmoja baada ya mwingine, kama mistari ya daftari. Alichukua wembe, akaanza na ule mpya kabisa. Mshono wa mwezi wa tatu aliukuta wa mwisho, uzi umeshafifia. Akajikata kidole, akakinyonya, tone lisidondoke kwenye kitambaa. Akapiga pasi. Akalirudisha. Magauni mengine hakuyagusa, ujasiri ulimwishia kwenye hilo moja.

Jumamosi saa saba na nusu alikuwa ameshakaa kwenye kochi la sebuleni, amevaa shati safi, viganja magotini. Begi kubwa lilisimama karibu na mlango wa nje. Hawakulizungumzia. Mwalimu alitoka bafuni, akapita, akaingia chumbani kuvaa. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga kama nyundo. Saa nane kasoro kumi. Kasoro tisa.

Kisha Mwalimu akapiga ukelele.

Haukuwa mrefu. Ulikatika katikati, kama mtu aliyezibwa. Fundi akasimama. Mlango ukafunguka, Mwalimu akatoka na gauni la kijani, amelikamata kiunoni kwa ngumi, na ndani ya ngumi ile kulikuwa na kitambaa cha kumtosha mtu mwingine. Macho yalikuwa yamemtoka pima.

"Baba," akasema. Jina hilo hakuwa amemwita tangu binti yao akiwa mtoto mchanga. "Baba, nakufa."

"Mwalimu..."

"Jumatano kwenye kikao nililivaa hili. Lilinikaa! Siku tatu! Mtu anaishaje namna hii kwa siku tatu?"

Alikaa sakafuni, pale pale. Na neno lile lililokuwa limepangiwa saa nane likamwagika kabla ya wakati, bila mpangilio, la mwisho likija kwanza. Kwamba moyo unamwenda mbio hata akiwa amelala. Kwamba usingizi hana, mikono haishiki chaki. Saa ilimzunguka mkononi, akadhani mkanda umechoka. Mwezi wa sita alikwenda zahanati peke yake. Mzani ulikuwa mbovu, muuguzi akamuuliza, mama, nguo zimekulegea? Akajibu hapana, zote zinanikaa. Muuguzi akasema basi ni mawazo, nyumbani kuko salama?

"Nikafikiri," Mwalimu akasema. "Nikakufikiria wewe na kimya chako. Nikasema labda ni kweli, labda nyumba hii ndiyo inanimaliza. Nikataka likizo hii niende kwa dada, nipumzike. Ndilo nililotaka kukwambia. Kumbe sina mawazo. Kumbe nakufa tu."

Fundi alisimama katikati ya sebule. Kichwani Mzee Breki alikuwa anamwambia sawa, Kinyozi anamwambia limekwisha. Na kweli, lingeweza kwisha. Angesema tu, "Inuka twende hospitali," na hakuna ambaye angejua kitu, maisha yote. Ila Mwalimu angekaa mbele ya daktari na kusema siku tatu. Kwa mara ya pili angetoa jibu la uongo, na uongo ule ulishonwa na Fundi mwenyewe.

"Si siku tatu," akasema.

"Nini?"

"Si siku tatu. Ni tangu mwezi wa tatu. Mimi... nilikuwa nabana. Jana nikafumua."

Hakungoja amwelewe. Alikwenda kwenye mkoba wake wa kazi, akatoa daftari lenye jalada gumu, akafungua ukurasa wa mwisho, akamwekea mapajani. Mwalimu, kwa mazoea tu, alipeleka mkono kwenye nywele akachomoa kalamu nyekundu. Akasoma. Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, kiuno thelathini na nne. Mwezi wa nne, thelathini na tatu na nusu. Mistari ilishuka, tarehe kwa tarehe, kwa mwandiko mdogo nadhifu, mpaka Jumapili iliyopita: thelathini na nusu.

Kalamu haikugusa karatasi.

"Kila Jumapili?"

"Karibu kila."

"Mimi nimekaa hapa nasahihisha, wewe uko mle ndani unanipunguza."

"Ndiyo."

"Na hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Nilidhani nina wazimu, Fundi!" Sauti ilimpasuka. "Nilisimama mbele ya kioo nikaona mifupa. Nikavaa gauni, gauni likaniambia huna kitu. Nikaliamini gauni!"

Akamrushia daftari. Likampiga begani, likaanguka wazi chini. Fundi aliliacha. Kila kiungo cha mwili wake kilitaka kuinama kuliokota, kulinyoosha, kuleta maji, kutafuta sindano, chochote. Badala yake alijishusha akakaa sakafuni, mbele yake, akamtazama usoni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko suti ya vipande vitatu.

"Unaogopa?" akauliza.

"Sana."

"Unaogopa nini zaidi?"

Mwalimu alimtazama kama mwanafunzi wa mwisho darasani aliyenyoosha mkono ghafla. Kisha akamwambia. Alimwambia kwa muda mrefu, na saa nane ikafika ikapita hakuna aliyeiona. Kila alipofika mwisho Fundi aliuliza lingine, na kila jibu lilimtia hofu zaidi ya lililotangulia, na hakurekebisha hata moja.

"Mimi nilidhani unaniacha," akasema hatimaye.

"Nilikuwa nakuacha. Wiki mbili."

"Mzee Breki anazisubiri hizo wiki mbili mwaka wa tisa."

Mwalimu akacheka, machozi bado yanamtoka. Kicheko kilidumu kama njiti ya kiberiti. Lakini begi halikufunguliwa. Jioni lilikuwa bado pale mlangoni, na Jumapili pia.

Jumatatu walikwenda hospitali ya mji, safari hii wawili, na daftari. Daktari alikuwa dada kijana mwenye sauti ya chini. Alisoma ukurasa ule, akarudi juu, akausoma tena.

"Nani ameandika haya?"

"Fundi wangu," Mwalimu akasema. Fundi aligundua hakusema mume wangu, akalipokea alilopewa.

Daktari akamwambia anyooshe mikono, ikatetemeka. Akayaangalia macho. Akamshika shingo kwa mbele, akampa maji ameze, akambonyeza tena hapo hapo. Akasikiliza moyo kwa muda mrefu, mrefu mno.

"Nadhani ni tezi ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi," akasema. "Ikiwa ndiyo, dawa ipo. Lakini moyo nao umehangaika miezi mingi, sitaki kuahidi kitu kabla ya vipimo vya damu. Majibu Alhamisi." Muuguzi akaja, akamtoa Mwalimu damu.

Fundi akafungua mdomo aulize dawa gani, vidonge vingapi, inapatikana wapi. Akaufunga. Mwalimu hakuwa anamtazama daktari, alikuwa anatazama kipande cha pamba kwenye mkono wake.

Nje kulikuwa na upepo. Gauni la kijani lilijaa hewa, likapepea kiunoni pande zote mbili, na watu wawili waliokuwa wakipita waligeuka kutazama. Vidole vya Fundi vikaanza kuwasha.

"Usiguse," Mwalimu akasema bila kugeuka.

"Sijagusa."

Mwalimu akampa mkoba wake aushike, ili mikono ya Fundi ipate kazi. Wakatembea kidogo.

"Alhamisi saa tatu," Mwalimu akasema. "Usiende popote."

"Sawa." Neno lile lenyewe likamshtua, akaongeza haraka, "Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Lile begi. Utalifungua lini?"

Mwalimu alitembea hatua kadhaa, mkono kifuani, anausikiliza moyo wake.

"Alhamisi," akasema.

Fundi akahesabu. Siku tatu. Akaukamata mkoba vizuri, akaenda naye sambamba, na gauni likazidi kupepea kati yao.